Likizo Juu ya Maji: Safari ya Kwanza ya Familia Katika Ziwa Mweru

Liko swali linaloulizwa sana majumbani kila miezi ya likizo inapokaribia: familia ya askari ifanye nini siku hizo chache ambazo baba, au mama, amepewa ruhusa ya kuwa nyumbani? Wengi wetu hujibu kwa mazoea. Tunakwenda kijijini kuwaona wazee, tunaezeka paa lililovuja, tunalima, tunahudhuria arusi iliyokuwa ikitungoja. Hayo yote ni mema, wala sina nia ya kuyapinga. Lakini katika mengi hayo askari hubadilisha kazi tu. Hapumziki, na watoto humwona akipita kutoka shughuli moja hadi nyingine kama walivyozoea kumwona akitoka zamu na kuingia zamu.

Leo napenda kuzungumza juu ya likizo ya namna nyingine, ambayo familia yangu iliionja kwa mara ya kwanza mwezi Juni 2019: kusafiri juu ya maji, si kwa ajili ya biashara wala uhamisho, bali kwa ajili ya kuwa pamoja. Tuliionja katika Ziwa Mweru, kaskazini ya Zambia, katika wilaya ya Nchelenge. Tangu wakati huo hakuna safari inayotajwa nyumbani kwetu kwa furaha kuliko hiyo.

ANASA YA WAKUBWA?

Mtu asikiapo maneno “likizo ya melini” huwaza matajiri wa Ulaya na Marekani, wamelala juu ya viti virefu, wakiletewa vinywaji. Kweli mambo yalianza huko. Mwezi Januari 1891 kampuni moja ya meli ya Hamburg, Ujerumani, iliipeleka meli yake Augusta Victoria katika Bahari ya Mediterania ikiwa na watu wapatao 240, ambao hawakuwa na shughuli yoyote waendako ila kutazama na kurudi. Sababu yake ilikuwa ya kibiashara kabisa: wakati wa baridi abiria wa kuvuka Atlantiki hupungua, na mwenye meli hakupenda chombo chake kikae bure bandarini. Ndivyo ilivyopata nguvu biashara ambayo leo ina meli zenye ghorofa nyingi na abiria maelfu.

Hata hivyo, sisi wa Afrika Mashariki si wageni wa mambo hayo kama tunavyodhani. Kiwanda cha Meyer cha mji wa Papenburg, kinachojulikana leo duniani kwa kuunda meli hizo kubwa za anasa, ndicho kilichounda mwaka 1913 meli Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku, ikaletwa hadi Dar es Salaam na kusafirishwa kwa reli mpaka Kigoma, ambako iliungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 ili isitekwe. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina jipya, Liemba. Kwa miaka mingi meli hiyo iliwachukua akina mama wenye magunia ya dagaa, wanafunzi, wagonjwa na wanajeshi kati ya Kigoma na Mpulungu. Wengi kati yao walisafiri kwa lazima, lakini waulizeni watakavyowasimulia juu ya mapambazuko waliyoyaona juu ya maji. Basi furaha ya safari ya majini haikuandikiwa matajiri peke yao.

ZIWA LENYEWE

Ziwa Mweru liko mpakani mwa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Urefu wake ni kiasi cha kilomita 130, na eneo lake ni zaidi ya kilomita za mraba 5,000. Mto Luapula, utokao upande wa Bangweulu, huingia kwa kusini. Upande wa kaskazini, karibu na mji wa Pweto, maji hutoka kwa jina la Luvua, yakaungana na Lualaba na kuwa sehemu ya mto mkuu wa Kongo. Kwa hiyo tone la maji linalogusa mguu wa mtoto pale Nchelenge lina safari ndefu ya kwenda hadi Bahari ya Atlantiki.

Pwani ya ziwa hilo ina historia inayotuhusu. Kusini yake wanatawala akina Mwata Kazembe, ambao biashara yao ya karne zilizopita iliwavuta Wareno kutoka upande mmoja na Waswahili kutoka upande mwingine. Mwaka 1867 Tippu Tip, yule mfanya biashara wa Unguja aliyeacha habari za maisha yake kwa Kiswahili, alipigana na mtawala Nsama na kumshinda katika nchi iliyo mashariki ya ziwa hilo. Mwaka huo huo David Livingstone, akifuatana na wafanya biashara wa kutoka pwani, aliliona Ziwa Mweru tarehe 8 Novemba. Kati ya Mwansabombwe na Nchelenge kuna Mbereshi, ambako Mabel Shaw alifika mwaka 1915 na kuanzisha shule ya bweni ya wasichana iliyopata kusifiwa sana. Kwa sisi tuliopitia chuo cha ualimu, mahali hapo pastahili kusimama kidogo na kutazama.

Na katika ziwa hilo kuna kisiwa kiitwacho Kilwa! Kiko chini ya Zambia, ingawa kinatazamana kwa karibu na pwani ya Kongo, na huko ng'ambo pia kuna mji wenye jina hilo hilo. Watoto wetu, ambao shuleni walijifunza juu ya Kilwa Kisiwani na magofu yake, na ziara ya Ibn Battuta ya mwaka 1331, walishangaa kuikuta Kilwa nyingine katikati ya bara, mamia na mamia ya kilomita kutoka Bahari ya Hindi.

TULIVYOKWENDA

Sababu ya safari yetu ilikuwa wifi yangu. Aliolewa na mfanya biashara wa samaki, akahamia Kisiwa cha Kilwa, na mama mkwe wangu hakuwa amemwona kwa miaka sita. Mwaka ule alijifungua mtoto wake wa kwanza. Mume wangu ni askari, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu likizo yake ililingana na ya shule. Tukaomba vibali vya kutoka nchini, tukatengeneza hati na kadi za chanjo, tukavuka Tunduma, tukapita Kasama na Mansa mpaka Nchelenge. Tulikuwa watu watano: sisi wawili, watoto wawili na Mama. Baada ya kuhesabu siku za njiani, tulibaki na siku nne tu za ziwani.

Asubuhi ya kwanza tulikwenda pwani tukiwa tumekwisha lipa nauli. Boti ilikuwa imejaa. Magunia ya unga wa mihogo yalikuwa yamepangwa hadi juu ya mabenchi, juu yake magodoro, na juu ya magodoro watu. Ukingo wake ulikuwa umebakiza kama shubiri moja juu ya maji. Mwenye kukusanya nauli alituita kwa upole, “Pandeni, mukwai, nafasi ipo.” Mume wangu akauliza juu ya majaketi ya kuokoa maisha. Akaonyeshwa sita, yamefungwa kamba chini ya benchi, hali abiria walikuwa zaidi ya arobaini.

Ziwa lilikuwa shwari kama sahani. Mume wangu alilitazama, kisha akatazama saa yake. Najua alichokuwa akihesabu, kwa maana nami nilikuwa nikihesabu hicho hicho: siku moja katika nne.

“Mama,” alisema, “maji yametulia. Tukikosa chombo hiki tumepoteza siku nzima.”

Mama alikuwa amekwisha keti juu ya sanduku lake. Akamjibu bila kupandisha sauti, “Baba, mimi sikukataza safari. Nimekataza chombo.”

Mume wangu amezoea kutoa amri na kupokea amri. Lakini pale pwani, katika nchi ya watu, akiwa amevaa shati la nyumbani, hakuwa na cheo ila kile cha kuwa mwana wa mama yake na baba wa watoto wale. Alisimama kitambo. Kisha akaingia majini, akapokea mizigo yetu mmoja mmoja kutoka botini, akairudisha nchi kavu. Nauli ya watu watano haikurudi.

Boti ile iliondoka, na watoto wakalia. Alasiri wifi akapiga simu: “Chombo kimefika salama. Ninyi mko wapi?”

Kijana wetu mdogo aliposikia hayo alimgeukia bibi yake. “Bibi, si kimefika?”

“Kimefika, mume wangu,” Bibi akamwambia. “Na sisi tutafika.”

Napenda tutafakari jibu hilo, kwa kuwa swali la mtoto ndilo linalowashinda watu wazima. Chombo kilichojazwa kupita kiasi hufika salama mara nyingi, na hiyo ndiyo hatari yake. Kila kinapofika, mwenye chombo hujiona ana haki ya kuongeza watu kumi kesho, na abiria hujiona mwoga aliyebaki. MV Nyerere ilikuwa ikivuka kati ya Bugolora na Ukara siku zote, na watu walifika. Ilikuwa imepewa uwezo wa kuchukua abiria 101. Tarehe 20 Septemba 2018, hatua chache kabla ya gati, ilipinduka, na watu 228 walikufa. Kabla yake tuliwazika wa MV Bukoba waliozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, zaidi ya watu 800, na wa MV Spice Islander katika njia ya kwenda Pemba mwezi Septemba 2011. Miongoni mwao walikuwamo watu waliotazama msongamano ule, wakasita kidogo, kisha wakapanda kwa sababu wenzao wamepanda. Kubaki pwani hakungojei chombo kizame ndipo kuwe halali. Ulikuwa uamuzi wa haki saa ile ile tulipoukata, hata kama boti ile imefika na kurudi mara mia.

SIKU YA KUNGOJA

Siku hiyo tuliyoiita ya hasara ndiyo watoto wanayoitaja zaidi. Tulikwenda soko la Kashikishi, tukaona dagaa wadogo waitwao chisense wakianikwa mchangani, weupe na kung'aa kama shilingi mpya. Tulikuta samaki aitwaye pale, aliye wa jamaa ya perege wetu. Tukajifunza kwamba kisamvu huko huitwa katapa, na kwamba tangu Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa upande wa Zambia ili samaki wazae.

Pale pwani aliketi nasi mama mmoja wa Kikongo, naye alikuwa akingoja chombo cha kesho yake. Alipotusikia tukizungumza alifurahi, akatuamkia kwa Kiswahili cha Katanga. Yeye husema “batoto” mahali tusemapo “watoto”, na binti yetu alicheka mpaka akakaripiwa. Lakini mama yule alicheka naye. Akatusimulia jinsi mwezi Desemba 2000, vita vilipofika Pweto, maelfu ya watu walivyokimbilia Zambia, raia na askari wakiwa wamechanganyika, na yeye akiwa msichana mwenye sufuria kichwani. Hata mwaka 2018 makazi mapya ya wakimbizi yalifunguliwa Mantapala, katika wilaya hiyo hiyo ya Nchelenge. Mume wangu alisikiliza kwa makini sana. Baadaye aliniambia kwamba kama angeulizwa kazi ya askari ni nini, angejibu kuwa ni kuhakikisha watu wanapanda boti kwa ajili ya kuwatembelea jamaa zao, wala si kwa kukimbia.

Jioni aliwasimulia watoto habari za kituo chake cha kwanza cha kazi, jinsi alivyopotea usiku na kuokolewa na mbwa wa mchungaji. Tumeishi pamoja miaka kumi na mbili, nami sikupata kuisikia hadithi hiyo.

JUU YA MAJI

Kesho yake tulipata boti nyingine. Nahodha wake, mzee wa maneno machache, aliwahesabu watu kwa kidole, akawateremsha wawili waliozidi, kisha akagawa majaketi na kuwafunga watoto kwa mikono yake mwenyewe. Alipomfikia mume wangu alimwonyesha mahali pa kuketi, na mume wangu akaketi. Watoto walistaajabu kumwona baba yao akitii.

Tuling'oa nanga jua likichomoza. Ilikuwa baridi, na ukungu ulikuwa umelala juu ya maji. Mitumbwi ya wavuvi ilikuwa ikirejea, taa zao zimekwisha zimwa. Furukombe alilia kutoka matetini, na watoto wakaitikia. Baada ya muda pwani ya Nchelenge ikawa mstari mwembamba, kisha ukungu ukaufuta. Nilimwona mume wangu akitoa simu yake mfukoni, akaitazama, akairudisha. Mawasiliano yalikuwa yamekatika. Kwa saa tatu hivi hapakuwa na mtu duniani aliyeweza kumwita kazini.

Nadhani hapo ndipo ilipo siri ya likizo ya majini, iwe katika meli ya ghorofa kumi au katika boti ya turubai. Chombo huwafungia watu mahali pamoja bila kuwapa la kufanya. Nyumbani kila mmoja ana pa kukimbilia: jikoni, shambani, kwenye redio, kwa rafiki. Botini hakuna. Mama alisuka nywele za binti yetu. Kijana mdogo alilala juu ya mapaja ya baba yake, na baba yake, ambaye kwa kawaida hawezi kukaa robo saa bila kuinuka, alikaa vivyo hivyo hadi mguu ukafa ganzi, asimwamshe.

Wifi alikuwa akitungoja penye maji mafupi, mtoto mgongoni. Mama hakungoja kushikwa mkono. Alipandisha kanga, akashuka majini mwenyewe, akamfikia binti yake maji yakiwa magotini. Wala hawakusemezana kwanza. Mama alimchukua tu mjukuu, akamtazama viganja na nyayo, kama wafanyavyo bibi wote.

Tulikaa siku mbili badala ya tatu. Tulikula ubwali wa mihogo kwa pale na katapa. Usiku wavuvi wa chisense walipotoka na taa zao, ziwa zima lilionekana kama mji mkubwa uliojengwa juu ya giza. Watoto walijaribu kuzihesabu taa hizo, wakashindwa, wakalala.

MASHAURI KWA FAMILIA

Kwa familia zinazopenda kujaribu safari kama hiyo, iwe Mweru, Tanganyika, Nyasa, Viktoria au Mafia, haya ndiyo tuliyoyaona kuwa ya lazima.

Kwanza, wekeni siku moja ya ziada katika hesabu ya likizo. Asiye na siku ya ziada hawezi kukataa chombo kibaya.

Pili, kagueni kabla ya kulipa. Tazameni umbali wa ukingo na maji, hesabuni majaketi, ulizeni kama yapo ya watoto. Jaketi la mtu mzima humchomoka mtoto. Mwenye uwezo anunue la mtoto wake na kusafiri nalo.

Tatu, kubalianeni nyumbani kabla ya kuondoka kwamba mmoja wenu akikataa kupanda, wote mtabaki, awe bibi au mtoto. Mabishano ya gatini huamuliwa na haraka.

Nne, mwenye sare asitumie cheo kujipatia nafasi katika chombo kilichojaa. Nafasi hiyo ya heshima ni nafasi ya hatari, na wananchi wakimwona askari amepanda hudhani pamekaguliwa.

Tano, msisahau afya. Nchelenge ina malaria nyingi, kwa hiyo chukueni vyandarua na kuvitumia. Chemsheni maji ya kunywa. Watoto wasiachwe kuoga penye matete, kwa ajili ya mamba na kichocho. Kipindi kizuri ni tangu Mei hadi Oktoba, mvua zikiwa zimekwisha, ila mwezi Juni na Julai chukueni masweta.

Wazee wetu walisema, kawia ufike. Kwa familia ambazo baba au mama huondoka mara nyingi bila kujua siku ya kurudi, maneno hayo yana uzito zaidi. Tumekwisha zoea kungoja mtu afike. Tuwafundishe watoto wetu kwamba na sisi tunao wajibu wa kufika.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaeleza namna ya kuhifadhi dagaa wakavu wasiingiwe na wadudu, pamoja na mapishi mawili ya kisamvu kwa nazi na kwa karanga. Akina mama na akina baba wenye ujuzi katika jambo hilo wanakaribishwa kutuandikia.